Mtoto Mwenye Vidonda Asifichwe

Ndugu msomaji, na zaidi ninyi akina mama mnaolea watoto hapa Mubi na katika vijiji vya Walikale na Masisi, leo ninalo neno moja la kuwaambia. Mtoto akitokwa na vidonda vya mpox, ninyi msimfiche. Na sisi wauguzi tusimtenge na mama yake. Mambo haya mawili ni kama mapacha. Mama humficha mtoto kwa kuwa anaogopa kunyang'anywa. Tukiiondoa hofu hiyo, tumekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuuzuia ugonjwa.

Najua si wote watakaokubaliana nami. Wako wauguzi wasemao, "Ugonjwa huu unaambukiza; mtoto awekwe peke yake mpaka apone." Wako wazazi wasemao, "Mtoto akiingia huko hatutamwona tena. Afadhali tumtibu kwa majani." Kila upande unaogopa jambo la kweli. Lakini sikilizeni kwanza jambo lililonipata mimi.

Mama mmoja alinijia asubuhi mapema, amembeba mgongoni mtoto wa miaka miwili. Mtoto alikuwa na homa, na usoni na viganjani mwake mlikuwa na vipele vigumu. Nilipoviona nilishtuka. Niliwafikiria wagonjwa wengine waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Nikapaza sauti mbele ya watu wote: "Usiingie! Mtoto ataachwa katika chumba cha nyuma, na wewe urudi nyumbani." Mama hakujibu neno. Alikaa chini ya mti mpaka jua lilipopanda, kisha akakaza kitenge chake akaondoka na mtoto. Sisi tulidhani amekwenda kutafuta chakula.

Kumbe alikwenda kwa dada yake, mwendo wa saa nne kwa miguu. Katika nyumba ile watoto wote walilala kwenye mkeka mmoja. Walimpaka mtoto majani, na macho yake yalipovimba walimtonesha maji ya majani yale yale. Baada ya siku 17 walirudi, na sasa watoto wagonjwa walikuwa watatu. Kwa rehema za Mungu wote walipona. Lakini yule wa kwanza jicho lake moja limebaki jeupe, halioni. Watu walisema kosa ni la mama. Mimi nasema kosa la kwanza lilikuwa langu. Mama yule alikuwa amefanya vema, maana alikuja mapema. Ni sauti yangu iliyomfukuza.

Ugonjwa huu si laana

Mpox ni ugonjwa wa virusi, yaani kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Zamani uliitwa ndui ya nyani, kwa sababu mwaka 1958 ulionekana kwanza katika nyani waliofugwa maabara huko Denmark. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nao alikuwa mtoto mchanga wa miezi 9, katika nchi yetu hii ya Kongo, upande wa Basankusu, mwaka 1970. Angalieni basi: tangu mwanzo ugonjwa huu uliwagusa watoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilichagua jina jipya la mpox, kwa sababu jina la zamani liliwaletea watu aibu na dharau. Hata jina tu laweza kumfanya mtu ajifiche.

Wazee wanaikumbuka ndui yenyewe. Ndui imekwisha duniani. Shirika la Afya lilitangaza hivyo mwaka 1980. Ndipo chanjo yake ikaachwa. Lakini chanjo ile ilikuwa ikiwakinga watu na mpox pia, kwa maana virusi hivi viwili ni ndugu. Utazame mkono wa bibi yako: utaona kovu la chanjo. Utazame mkono wa mtoto wako: hakuna kovu. Basi ukimwona mtoto anaugua na bibi hauguzwi na ugonjwa huo, usiseme bibi ni mlozi. Bibi alichanjwa, mtoto hakuchanjwa.

Tangu Septemba 2023 aina mpya ya virusi hivi ilianza kuenea Kamituga, katika Kivu ya Kusini. Kamituga ni mji wa machimbo, kama Mubi yetu iliyo karibu na machimbo ya Bisie. Wachimbaji huingia na kutoka, wachuuzi huleta bidhaa, pikipiki hazipumziki. Katika miji ya namna hiyo ugonjwa hupata miguu. Mwaka 2024 ulifika Goma, ukaingia katika kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji, ambamo watu wengi wa Masisi walikuwa wamekimbilia kwa sababu ya vita. Hema liligusana na hema, na watoto walilala wamebanana. Katika kituo cha matibabu cha Munigi wagonjwa wengi walikuwa watoto wadogo. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya lilitangaza hatari kwa dunia nzima. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, wagonjwa wengi waliotengwa walikimbia kabla hawajapona. Tangazo lile la hatari liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Lakini kuondoa tangazo si kuondoa ugonjwa.

Namna unavyopita

Mpox hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa kugusa vidonda na magamba yake, kwa nguo na matandiko ya mgonjwa, na kwa kukaa uso kwa uso naye muda mrefu. Watu wazima huambukizana pia kwa kulala pamoja mume na mke. Tena hutoka porini kwa wanyama. Kwa hiyo, ninyi mnaowinda, msiokote mnyama aliyekutwa amekufa, na watoto wasichezee panya wa porini wala kindi. Nyama yote ipikwe mpaka iive kabisa.

Mtu akiisha kuambukizwa, dalili hutokea baada ya siku 1 mpaka 21. Ugonjwa wenyewe huchukua majuma mawili hata manne. Mgonjwa anaweza kuwaambukiza wengine mpaka magamba yote yameanguka na ngozi mpya imefunika mahali pake. Gamba moja likibaki, bado hajamaliza.

Si kila kipele ni mpox

Msiogope kila upele mnaouona. Vidonda vya mpox kwa kawaida huja pamoja na homa, maumivu ya kichwa na mwili, na mitoki iliyovimba shingoni, kwapani au kinenani. Vipele ni vigumu, vimeingia ndani ya ngozi, na mara nyingi vina kitovu katikati. Huonekana usoni, hata viganjani na nyayoni.

Tetekuwanga huwasha sana, na vipele vyake huwa vingi kifuani na mgongoni. Vingine vipya, vingine vimekwisha kukauka, vyote kwa wakati mmoja. Surua huleta kikohozi, mafua na macho mekundu, na upele wake hauna maji. Upele wa kuwasha usiku katikati ya vidole ni kazi ya mdudu mdogo anayechimba ngozi. Tena kuna vivimbe vidogo vinavyong'aa kama lulu, vyenye kitovu katikati, ambavyo huwatoka watoto wasio na homa wala unyonge. Hivyo pia huletwa na virusi, lakini si mpox. Huweza kukaa miezi mingi, kisha huondoka vyenyewe. Usivikamue wala kuvikata. Usiwaogeshe watoto kwa kitambaa kimoja.

Hata muuguzi mwenye macho mazuri aweza kukosea. Kwa hiyo tunachukua kidogo cha kidonda kwa pamba na kukipeleka maabara. Katika kitabu cha Walawi kuhani hakuambiwa ahukumu kwa haraka. Aliambiwa amtenge mtu mwenye alama ya mashaka siku saba, kisha amtazame tena. Nasi tutazame vizuri kwanza, ndipo tuseme.

Dawa iliyo kubwa ni matunzo

Wazazi wengi huniuliza, "Kama hamna sindano ya kumponya, tumlete kwa nini?" Swali ni jema, na jibu lake linatoka katika nchi yetu wenyewe. Madaktari wa taasisi ya INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Marekani walijaribu dawa iitwayo tecovirimat. Walikusanya wagonjwa 597 huko Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru. Wengine walipewa dawa, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani, na wote walilazwa wakatunzwa vema. Mwezi wa Agosti 2024 matokeo yalitangazwa. Dawa ile haikuviponya vidonda upesi zaidi. Lakini waliokufa katika wagonjwa wale wote walikuwa 1.7 tu kwa mia, hali kwa wagonjwa wote wa Kongo hesabu iliyotolewa ni 3.6 kwa mia au zaidi.

Mnaona? Waliopata dawa na wasioipata, wote walifaidiwa na kitanda safi, chakula, maji ya kunywa, na mtu wa kuwatazama vidonda kila siku. Mama anaweza kumpa mtoto matunzo kama hayo, akifundishwa. Haya ndiyo tunayoyafanya:

1. Kunywa. Mpe mtoto maji yaliyochemshwa yakapoa, uji mwepesi na maziwa ya mama, kidogo kidogo na mara nyingi. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kama muuguzi atakavyokuonyesha. Vidonda vya mdomoni huuma. Mpe chakula laini kisicho na pilipili.

2. Homa na maumivu. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe mtoto.

3. Vidonda. Vioshe kwa sabuni na maji safi, uvikaushe polepole, uvifunike kwa kitambaa safi. Usivitumbue, usivipake majivu, mavi ya ng'ombe, wala maji ya betri. Usimchanje kwa wembe. Wembe hufungua mlango kwa wadudu wengine na kuwapelekea wengine ugonjwa.

4. Kucha. Zikate fupi, ili asijikune akahamisha ugonjwa mpaka machoni.

5. Macho. Yasafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kitambaa chake. Usitie majani. Jicho likiwa jekundu au likivimba, njoo siku ile ile, usingoje kesho. Nakumbuka jicho moja jeupe ninapoandika maneno haya.

6. Chakula. Mtoto aliyekonda huumizwa zaidi na ugonjwa. Bugali peke yake hautoshi. Mwongezee maharagwe, karanga, mayai au samaki, na sombe iliyotiwa mafuta ya mawese.

Dawa za kuua bakteria hazikiui kirusi. Muuguzi hutoa dawa hizo tu wakati kidonda kimeoza au kina usaha. Usinunue vidonge sokoni ukavimimina juu ya kidonda.

Mkimbize mtoto hospitalini upesi kama hawezi kunywa wala kunyonya, kama anapumua kwa haraka au kwa shida, kama amepatwa na degedege, kama anasinzia asiamke vizuri, au kama vidonda vinanuka.

Mama akae na mtoto wake

Sasa nimefika kwenye neno langu. Mtu atauliza, "Je, mama hataambukizwa?" Nami sitaki kudanganya: anaweza. Lakini fikirini. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujilisha wala kujiosha. Lazima mtu mmoja amguse. Mama amekwisha kumbeba siku zote za homa kabla hatujaona kipele hata kimoja. Tukimfukuza leo, hatukumwepusha na hatari. Tumemtuma nyumbani akiwa na hatari hiyo, bila mafundisho. Na mtoto anayelia mchana na usiku hali, hanywi, na hulegea. Afadhali mtu mmoja aliyefundishwa kuliko kumi wasiofundishwa.

Basi mtunzaji awe mmoja, yule yule kila siku. Mama mwenye mimba asichaguliwe, maana mpox yaweza kumwua mtoto tumboni. Hapo baba, shangazi au bibi achukue kazi hiyo. Baba asione haya; kumwosha mwanawe hakumpunguzii uume. Mtunzaji afunike vidonda vya mtoto kabla ya kumbeba, avae barakoa au kitambaa puani na mdomoni, na mipira ya mikono ikipatikana. Anawe kwa sabuni kila mara akiisha kumgusa. Mtoto awe na sahani yake, kikombe chake na mkeka wake. Nguo na shuka zisikung'utwe. Zitiwe moja kwa moja katika beseni la maji ya moto na sabuni, kisha zianikwe juani. Mama akiona kipele mwilini mwake mwenyewe, amwambie muuguzi kabla ya kunyonyesha tena, ili waamue pamoja la kufanya.

Kama kituo hakina nafasi, na ugonjwa si mkali, mtoto aweza kutunzwa nyumbani kwa njia hiyo hiyo, muuguzi akimtembelea. Apewe chumba, au pembe ya nyumba iliyotengwa kwa pazia, na madirisha yafunguliwe. Kutenga ni kuweka nafasi kati ya kidonda na ngozi ya mwingine. Kutupa ni kuweka nafasi kati ya mtoto na wapendwa wake. Tutenge, tusitupe.

Neno kwa wenzangu, na kwa majirani

Ndugu wauguzi, tusiwakaripie watu mlangoni. Mama mwenye mtoto wa vidonda aitwe kando kwa upole, aonyeshwe mahali pake, aambiwe mtoto atakaa siku ngapi, nani atamletea chakula, na ya kuwa atakaa pamoja naye. Maneno hayo hayanunuliwi kwa franka hata moja. Najua vituo vyetu ni vidogo, na mara nyingine hata sabuni imekwisha. Lakini tukiwa maskini wa vitu, tusiwe maskini wa maneno mema pia.

Majirani, msimsengenye mama huyo wala kumwita mchafu. Mwekeeni maji na kuni mlangoni. Kufanya hivyo hakuna hatari. Mtoto akipona kabisa, mwacheni acheze na wenzake na arudi shuleni. Makovu yake hayaambukizi.

Wazee wa kanisa, wakati ugonjwa umeingia mtaani, salamu ya mdomo yatosha badala ya mikono. Kumwombea mtoto ni vizuri, nami huwaombea. Lakini msimzuie nyumbani siku tatu za kufunga wakati homa inapanda. Aombewe akiwa kituoni. Bwana Yesu alipokutana na mwenye ukoma hakumkemea kwa kusogea karibu. Alimgusa, kisha akamtuma ajionyeshe kwa kuhani atazamwe. Mambo yote mawili yalikuwapo: mkono wa upendo, na uchunguzi.

Mwisho, mkisikia kwamba chanjo imefika, ulizeni. Kwa nchi yetu ilianza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, na dozi zilikuwa chache. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani liliruhusu kwa dharura chanjo ya LC16 iliyotengenezwa Japani, ambayo yaweza kupewa watoto kuanzia mwaka 1. Wale waliokaa karibu na mgonjwa ndio wanaotangulizwa mara nyingi. Lakini ni nani atakayejua kwamba umekaa karibu na mgonjwa, kama mgonjwa mwenyewe amefichwa?

Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Mama, mtoto wako akitokwa na vipele na homa, mfunge mgongoni uje. Tutatoka nje kukupokea, na hatutamwondoa mikononi mwako.